Sura Mpya, Injini Ileile

Wasanifu wa magari walioko Japani wanalipwa mshahara. Wa Kimara na Mbezi wanaifanya kazi hiyo bure, saa yoyote, hata ukiwakuta mezani. Tangu nilipoingiza nyumbani Premio yenye uso mpya, ile iliyotoka Juni 2016, sisalimiwi tena kama binadamu wengine. Mtu ananijia, mkono ameshaunyoosha, ghafla macho yanavuka bega langu na kutua kwenye shoo ya gari, na hapo habari za asubuhi zinamfia mdomoni. "Hii ndiyo ile waliyoiharibu?" Hajaondoka vizuri, anatokea mwingine: "Ee bwana, safari hii wameipatia!" Bati wanalolitazama ni moja.

Kwa msiofuatilia mambo haya, nawapa nasaba kwa kifupi. Babu yake ni Corona, aliyeanza 1957. Mwaka 1996 akaitwa Corona Premio, mwishoni mwa 2001 jina la Corona likaachwa, na Juni 2007 kikaja kizazi kingine ambacho ndicho kilichoendelea mpaka uzalishaji ulipofungwa Machi 2021. Katikati ya umri wa kizazi hicho, kampuni ikaona gari linazeeka likiwa bado sokoni, ikaamua kulibadilisha sura. Shoo ikatanuliwa na kupigwa mistari ya kromu iliyolala, taa za mbele zikawa za LED, bampa likachongwa upya. Kisha wakafunika boneti bila kugusa kitu cha maana. Ya lita moja na nusu ilibaki na injini yake ileile, 1NZ-FE, cc 1496, nguvu za farasi 109. Madalali wetu huiita 1490, sijui zile cc 6 wanampa nani.

Kusema kweli mimi nawaonea huruma wale wasanifu. Kule kwao gari dogo lina daraja lake la namba na vipimo vyake: upana usizidi mita 1.7, injini isizidi cc 2000. Ukivuka hapo gari linahamia daraja la wakubwa. Premio ina upana wa milimita 1,695. Wamebakiwa na milimita 5 za kucheza nazo! Mtu aliyenyimwa nafasi ubavuni atafanya nini? Atamalizia hasira zake usoni. Siti ya nyuma ndiyo inayolipa gharama ya sheria hiyo, hasa siku ya msiba, shangazi watatu wanapopanda na kila mmoja akiwa na mkoba asiotaka uwekwe kwenye buti.

Mmoja wa shangazi hao, ambaye hajawahi kushika usukani na hana mpango huo, alilizunguka gari mkono kiunoni, akasema limekaa kama bwana harusi aliyewekewa meno ya bandia mlangoni mwa ukumbi. Nikamwuliza kama hiyo ni sifa au lawama.

"Mwanangu, mimi nimesema nilichokiona."

Siku hizi kila nikilitazama kwa mbele naona meno tu. Na kwa kuwa ushuru niliulipa mimi, nadhani ninayo haki ya kusema langu. Taa ni nzuri. Nyuma sina neno. Shoo ni kubwa kuliko mahitaji ya gari lenyewe. Ile ya 2007 ilikuwa na upole. Ukiiona kwenye kioo cha nyuma unaipisha kwa hiari yako. Hii ukiiona kwenye kioo unaanza kukumbuka nani anakudai. Gari la kupeleka watoto shule na mama kliniki halina sababu ya kumtisha mtu.

Lakini sura ni mzaha. Vita yenyewe iko kwenye pawa.

Kijana mmoja wa kijiweni nilimpa lifti mpaka Ubungo. Kwa foleni ile mshale haukuwahi kugusa 40. Alipokuwa anashuka akapiga dashibodi kwa kiganja. "Mzee, hii inavuta! Ile ya mwanzo ilikuwa inajikokota." Nikamshukuru. Ningemwambia ni injini ileile angeona namdharau, na zaidi ya hapo, kwa muda kidogo mimi mwenyewe niliamini. Nilipita Shekilango nikiwa nimekaa kibosi.

Aliyeuvunja ubosi ule ni jirani yangu mwenye IST. Aliniomba nifungue boneti, nami nikafungua kwa majivuno, nikidhani anataka kujifunza. Akainama, akachungulia, akacheka taratibu. "Jirani, hii si ndiyo ya kwangu?" Ndiyo ya kwake. Ndiyo ya Probox inayobeba watu wanane na mbuzi, ndiyo ya Spacio, ndiyo ya Raum. Ukienda Kariakoo kutafuta spea zake unahudumiwa haraka kwa sababu nusu ya mji inatafuta hizohizo. Kwa mtu mwenye akili hiyo ni habari njema. Kwa mtu aliyekwisha kukaa kibosi ni msiba.

Toka siku hiyo jirani akaniita ndugu wa damu moja, na undugu una gharama. Jumamosi moja IST yake ikawa inamisi. Akaja kuazima koili moja kwangu ili ajue ipi yake imekufa, kwa kuwa zinaingiliana. Dakika tano, alisema. Akachomoa koili yangu, akaipachika kwenye lake, IST ikanguruma vizuri sana, na kwa furaha hiyo akaenda nayo Kariakoo kununua nyingine. Mimi nilikuwa bafuni. Mke wangu alikuwa amevaa sare ya kitchen party, amejipamba, kiti cha mbele kimetandikwa kanga ili sare isijikunje. Akawasha. Gari la silinda nne likaanza kutetemeka kwa silinda tatu, taa ya injini ikawaka, bomba la moshi likatoa mlio wa mtu aliyepaliwa. Akashusha kioo na kuniita kwa jina langu kamili, jambo ambalo hulifanya kwa nadra.

"Sura yote hiyo, halafu inakohoa?"

Alienda kwa bodaboda. Nasikia sare ilijikunja.

Mke wangu ana msimamo wake kuhusu pawa, na ninyi wenye ndoa mtaamua. Yeye alitaka ya 1.8, ile ya farasi 143. Hoja yake ilikuwa kwamba ushuru wa bidhaa unapanda ukivuka cc 2000, kwa hiyo kuanzia 1001 hadi 2000 kiwango ni kimoja, sasa kwa nini tusichukue kubwa? Alikuwa ameshika simu yenye kikokotoo cha TRA, na ni vigumu kubishana na mtu mwenye kikokotoo. Nilimjibu kwamba ushuru unalipwa mara moja, wese unalipwa kila wiki. Mpaka leo nashikilia hapohapo, hata baada ya Kitonga, ambako nitafika sasa hivi.

Kabla ya Kitonga kuna vitu vya ndani ya gari ambavyo hakuna aliyevitolea maoni kwa kuwa havionekani kwenye picha. Ukiwasha, mwanamke wa Kijapani anakusalimu kwa adabu kubwa na kukuarifu kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara. Anasema hivyo kila siku. Mwanangu wa mwisho ameshamkariri, humjibu "haijambo." Redio nayo inaishia FM 90, kwa sababu Japani ndipo masafa yao yalipokuwa yakiishia kwa miaka mingi, kwa hiyo mpaka uweke kifaa cha kupanua, stesheni nyingi za hapa utazisikia kwenye gari la jirani. Halafu kuna king'ora cha kuonya kwamba unakaribia kugonga. Kilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambayo kitu kikikatiza mbele yako ni tukio. Pale Manzese bodaboda zinanipita pua kwa pua na hicho king'ora kinalia mfululizo kwa hofu ya kweli, mpaka unatamani kukipa maji ya kunywa.

Na chini je? Matuta ya mtaani kwetu tumeyajenga wenyewe, kwa michango na kwa hasira. Bampa jipya limechongwa kuelekea chini ili lipendeze, na kila tuta linaambulia kipande cha upendezaji huo. Fundi akashauri kuweka spesa. Akaziweka. Gari likainuka, tuta likashindwa, na sura yote ikabadilika: gurudumu likawa dogo ndani ya tao lake, na kitu kilichosanifiwa kilale chini kikawa kimesimama kimeshtuka. Shangazi akaja akalizunguka tena. Safari hii hakusema kitu, alitikisa kichwa tu.

Basi tukaenda Iringa ukweni. Watu wazima wanne, mtoto mapajani, kiyoyozi kimewashwa, buti limejaa mchele wa zawadi. Mpaka Morogoro hakuna aliyelalamika. Hata Mikumi, kwenye vibao vya faini za kugonga wanyama, tulipita kwa mwendo wa heshima. Kuhusu barabara hiyo niseme jambo moja. Kipima mwendo changu kinaishia 180, na kila penye kijiji kuna kibao cha 50, na nyuma ya kibao, penye kivuli cha mti, kuna tochi. Mwenye farasi 109 na mwenye farasi 318 wa Mark X ya lita 3.5 wote wanapita pale kwa 48, wakitazama mbele kwa unyenyekevu. Huwa namtazama yule wa Mark X kwa kioo cha pembeni. Moyo wangu unatulia.

Baada ya Ruaha Mbuyuni, wenye vitunguu wakiwa wamebaki nyuma, mlima ukaanza. Kitonga haina haja na shoo. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya kwanza, moja nyuma ya jingine, na upande wa pili ni korongo. Nikapata nafasi ya kupita lori, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Injini ikapaza sauti mara moja, kwa nguvu zote, ikabaki kwenye sauti hiyohiyo, kama ilivyo kawaida ya gia boksi ya CVT: kelele inakwenda, gari linafikiria. Tukawa sambamba na lori. Tukaendelea kuwa sambamba na lori. Tingo akatutazama kutoka juu, akatazama ile shoo, akatutazama tena. Shemeji akazima kiyoyozi bila kuulizwa. Mke wangu, aliyekuwa kimya toka Mikumi, akafungua kioo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Moja nukta nane." Tingo nadhani alisikia, maana alimgusa dereva wake na lori likapunguza mwendo likatupisha.

Baba mkwe alitupokea nje. Yeye ana Corona ya miaka ya tisini, rangi imepauka, mlango mmoja unafunguliwa kwa ndani tu, na inapanda Kitonga. Alilipita gari langu bila kugeuza shingo, akamsalimu mjukuu, akatuuliza habari za njiani, akatuandalia viti. Nikajua huyu ndiye mtu wa kwanza mwenye adabu. Baada ya chai akainuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akafungua buti, akalipima kwa mkono, kiganja kimoja baada ya kingine. Akafunga. Sikupewa hukumu. Kesho yake asubuhi nikakuta buti lina gunia la viazi, debe la mahindi mabichi na jogoo wawili waliofungwa miguu.

Kwa mzigo ule nyuma ilibonyea, spesa na kila kitu, na mbele ikainuka. Taa zile nzuri za LED zikawa zinamulika vilele vya miti. Jua lilikuwa halijachomoza bado, na kila aliyetoka mbele yetu alitupigia taa kwa matusi.

Pale Ilula, penye wauza nyanya, trafiki akanyoosha mkono. Nikaegesha, nikatoa leseni, nikaanza kukumbuka nilikuwa kwenye ngapi. Hakuipokea. Alisimama mbele ya gari akakunja mikono. Akarudi hatua mbili. Akamwita mwenzake aliyekuwa na tochi, naye akaiacha kazi akaja, na magari yaliyokuwa yakipita nyuma yetu yakaanza kupita kwa mwendo ambao sitausema.

"Afande, hii ndiyo ile ya kumi na sita?"

"Yenyewe. Tazama taa."

"Taa sawa. Hiyo shoo mimi imenishinda." Akanigeukia. "Mzee, cc ngapi?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka kiti cha pembeni: "Kumi na nne tisini, afande. Lakini tulishauriana."

Wakatazamana. Yule wa kwanza akanirudishia leseni ambayo hakuwa ameichukua, yaani aliisukuma tu irudi kwangu, akanipa ishara niondoke. Mwenzake alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele, anahesabu vidole vingapi vinaingia kati ya tairi na bodi, na kutoka kwenye buti jogoo mmoja akawika.