Kihenge cha Uzee

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na kihenge cha wazee Michenga, huko Ifakara. Kila mwezi Maksai alikatwa vibaba 10 katika kila 100 vya ujira wake, na mwenye shamba akatia 10 vingine. Akitimiza miezi 180, na magoti yakaanza kugongana, kihenge kilimlisha hadi siku ya mwisho.

Punda hakuwamo. Yeye kibarua: msimu wa mavuno hubeba magunia ya mpunga toka bondeni hadi mashineni, kisha kazi inakwisha. Wala Bibi Tumbili, anayeshinda juu ya dungu akifukuza kwelea kwelea, hakuwamo.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, Babu Kobe akaleta muswada: kihenge kifunguliwe kwa wote. Vigelegele vikapigwa chini ya mwembe. Akasoma sharti: kila mtu kibaba kimoja kila mwezi.

"Shikamoo, babu," Punda akasema. "Machi ningekitoa wapi?"

Kimya. Machi waliijua wote: maji ya Kilombero yamejaa bondeni, mpunga ungali kijani, na mwenye debe moja ndani analihesabu punje.

"Pokeeni vibaba vyangu vyote 12 Julai, kidonda cha kamba kikiwa bado kibichi mgongoni. Mwaka mzima nitakuwa nimelipa."

Kunguru karani akafunua daftari. Lilikuwa na safu za miezi tu.

Naiacha hekaya kidogo. Tangu mwaka 2018 Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ndio wenye jukumu la sekta binafsi na waliojiajiri. Mlango upo, lakini kalenda ya mwenye mshahara haimfai mkulima wa mpunga.

Turudi chini ya mwembe. Maksai akainuka. "Wakaribisheni, lakini kipimo cha kutolea kisibadilishwe mtu akiwa ameshazeeka." Wastaafu wetu wanalijua hilo kwa jina la kikokotoo: mwaka 2018 mkupuo wa pensheni ulishushwa hadi robo, Rais Magufuli akakisitisha kikokotoo hicho Desemba hiyohiyo, mwaka 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa tena. Mtu hawezi kuupangia uzee wake hivyo.

Mkutano ukaahirishwa ili Kunguru achore daftari jipya. Bibi Tumbili hakungoja. Kwelea walikuwa wanashuka. Akapanda dungu, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine umeshika kopo la kokoto, na mkono huo ukitetemeka hata kopo likalia kabla hajalitikisa.