Gari Limefika Ilala, Barua Imebaki Osaka

Tangazo la gari la mitumba hapa Dar es Salaam halikosi mambo manne: AC inapuliza baridi kali, mmiliki alikuwa mwanamama, injini haijaguswa, na gari ni namba D. Hilo la namba ndilo tamu kuliko yote. Herufi ya kwenye kibao inaeleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, haielezi liliundwa lini, kwa hiyo IST ya mwaka 2004 iliyoshuka bandarini mwaka 2018 hutamba mjini kama mzee aliyepewa cheti kipya cha kuzaliwa. Jambo ambalo tangazo halisemi ni kama kiwanda kiliwahi kuomba gari hilo lirudishwe likarekebishwe. Msomaji atadhani dalali anaficha. Mimi leo namtetea dalali, kazi ambayo siifanyi mara nyingi: hajui, na hakuna aliyejisumbua kumjulisha. Wito wa usalama humfuata mtu na anwani yake, haulifuati gari. Na gari la mitumba limeshaachana na mtu na anwani kwa mpigo mmoja.

Kule Japani utaratibu ni wa kistaarabu. Kiwanda kikigundua kasoro kinaiarifu wizara inayohusika na uchukuzi, kisha barua inakwenda kwa mtu aliyesajiliwa kuwa mwenye gari. Analipeleka, linatengenezwa bure, anainama, anainamiwa, anaondoka. Lakini gari likiuzwa nje ya nchi, usajili wake unafutwa na cheti cha kulisafirisha kinatolewa. Kuanzia hapo daftari la Kijapani halimjui mwenyewe. Barua ikiandikwa gari likiwa melini kuja Mombasa au Dar es Salaam, haina mlango wa kubisha hodi. Kinachochekesha ni kwamba gari lenyewe halijaacha kuongea Kijapani. Magari mengi tuliyonayo, kila yakiwashwa, dada mmoja mwenye sauti ya upole husema jambo kwa adabu kubwa, na abiria wa Mbagala hudhani anakaribishwa. Mara nyingi dada huyo analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za kasi za Japani haijachomekwa. Mwaka hadi mwaka anadai kadi ya barabara iliyo ng'ambo ya bahari. Kuhusu mfuko wa hewa ulio mbele ya kifua cha dereva, hana taarifa.

Wapo wanaosema wito wa viwandani ni mambo ya watu wenye nafasi, wanaokimbilia kwa wakala kwa sababu kitufe kimekwama. Na mfano wanao. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani kote, Vitz na Corolla zikiwamo, kwa ajili ya swichi ya vioo iliyoko mlango wa dereva. Grisi haikuenea sawasawa wakati wa kuiunda, swichi ikawa inakwaruza na kukwama. Tiba yenyewe ilikuwa kukagua na kupaka grisi maalumu. Magari milioni saba kuitwa kwa ajili ya grisi! Fundi yeyote wa chini ya mwembe angejiona ametukanwa. Ila lisome onyo hadi mwisho. Lilisema kwamba mtu akijaribu kuilainisha swichi hiyo kwa vilainishi vya dukani, inaweza kuyeyuka, ikafuka moshi, hata ikawasha moto. Sasa swichi ya kioo ikikwama, gereji zetu hufanya nini kwanza? Huipulizia dawa ya kopo. "Jaribu sasa, bosi." Bosi anajaribu, kioo kinashuka, watu wanapeana mikono. Kasoro ilikuwa ndogo. Hatari kubwa ilikuwa kwenye matibabu, na katazo la matibabu hayo ndilo lililobaki kwenye barua.

Pingamizi linalosikika zaidi vijiweni ni hili: gari limetembea miaka ishirini, lingekuwa bovu lingeshajionyesha. Kwa rejeta na giaboksi hiyo ni hoja ya kuheshimika. Kwa mifuko ya hewa ya Takata ni kinyume chake kabisa. Kampuni hiyo ya Kijapani ilitumia amonia naitreti kuzalisha gesi ya kujaza mfuko, kemikali ileile ya kwenye mbolea na baruti za migodini. Ikikaa miaka mingi kwenye joto la kupanda na kushuka pamoja na unyevu, inaharibika. Siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma lililoihifadhi linapasuka, na vipande vinamrukia yuleyule ambaye mfuko uliwekwa kumwokoa. Marekani pekee yameitwa makasha ya kujazia mifuko yapatayo milioni 67, na waliokufa wamepita 25. Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Wamarekani walipopanga foleni ya matengenezo hawakufuata alfabeti, walifuata joto na unyevu, na Florida ikawa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia. Malaysia, isiyo na majira ya baridi, nako watu wamekufa. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitangaza kwamba, katika vipimo vya Honda kadhaa za 2001 hadi 2003, uwezekano wa kupasuka ulifika asilimia 50. Sasa litazame gari lililoanikwa Kariakoo mwezi wa Februari, vioo juu, upepo wa bahari ukilipiga. Umri tunaousifia kwenye matangazo ndio ugonjwa wenyewe.

Wengine hujibu kwamba tatizo hilo tumeshalimaliza kienyeji. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi, fundi anashughulikia taa. Mfuko ukiwa umeshafumuka katika ajali iliyopita, kinarudishwa kifuniko chenye nembo, na ndani hakuna kitu. Nakiri kwamba mfuko usiokuwepo haupasuki. Lakini pia hauokoi, na mwenye gari anaendesha akiamini kwamba anao. Na yule mwangalifu anayetaka kurudishia mfuko wa kweli huupata kwenye spea za mitumba, umetoka kwenye gari lililokatwa, la umri uleule, ambalo namba yake ya chesisi hakuna anayeikumbuka. Uangalifu wake unaweza kumletea kasoro ambayo gari lake halikuwa nayo.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaosema barabara zetu zinaua kwa sababu zilizo wazi kuliko hizi: tairi kipara, basi linalopita jingine kwenye kona, lori lililoegeshwa gizani bila kiakisi mwanga. Hapo sibishani. Fedha za usalama zikiwa chache, zisianzie kwenye swichi ya kioo. Lakini hapa kinachotakiwa kwanza ni namba ya chesisi, na namba hiyo serikali inayo. Kenya hailipokei gari lililozidi miaka minane, Uganda mwaka 2018 iliweka ukomo wa miaka 15, na kwetu TRA hukamua ushuru wa uchakavu bila huruma. Gari likishuka bandarini linaulizwa umri kwa ukali kuliko bibi harusi. Habari za mifuko yake haliulizwi. Japani yenyewe tangu Mei 2018 inalinyima cheti cha ukaguzi gari lenye mfuko hatari wa Takata ambao haujabadilishwa. New Zealand, wanaonunua mitumba ya Japani kama sisi na kuendesha upande wa kushoto kama sisi, mwaka huohuo walitoa amri ya kubadilisha mifuko ya aina mbaya zaidi, mitumba ikiwamo.

Kumwachia mwenye gari atafute mwenyewe hakutoshi. Tovuti ya Marekani ya kutafutia wito inataka namba ya tarakimu na herufi 17, na IST yake ina namba fupi inayoanza na NCP60. Kurasa za watengenezaji wa Japani zinaipokea namba hiyo, ila majibu yanakuja kwa lugha ya yule dada wa kadi. Mwenye kompyuta bandarini angemaliza kazi hiyo kabla mletaji hajalipa ushuru. Wakala atasema kipuri hakipo, kitasubiri meli. Sawa. Hata Marekani mwaka 2014 vipuri vilipungua, na Toyota ikawa inazima mfuko wa abiria wa mbele kwenye baadhi ya magari na kumwomba mwenye gari asimkalishe mtu hapo. Nasi meli ikichelewa tunaweza kufanya hivyo, kiti cha mbele kibebe mkaa na matenga ya nyanya. Mama mkwe akiuliza kwa nini amewekwa nyuma na nyanya zimekaa mbele, dereva ajieleze mwenyewe.