TV Yako Inaitwa Nani? Majina Saba ya Kubadilisha Leo Usiku

Mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, alitaka kuona video ya harusi ya mjukuu wake kwenye TV, si kwenye kioo cha simu. Binti yangu akagusa alama ya kurusha video kwenda kwenye TV, yakaja majina matatu, akabonyeza la kwanza. TV yetu kimya. Mara tukasikia vigelegele upande wa pili wa ukuta, halafu hodi mlangoni: "Jirani, harusi yenu iko kwangu. Nipakue pilau?"

Simu ilikuwa nzima, intaneti ilikuwa inakimbia. Kilichotuangusha ni majina. Haya hapa saba, tukianza na lenye usumbufu mdogo tukishuka hadi kinara wao.

7. DESKTOP-4K7QH2M

Hilo ni jina au tokeni ya umeme ya LUKU? Ni kompyuta ya Windows iliyobaki na jina ililojipa yenyewe siku ya kwanza. Ukiitumia kupokea picha kutoka simu au kompyuta nyingine, ndivyo itakavyojitambulisha. Ingia Mipangilio, Mfumo, kisha Kuhusu, uipe jina lisilozidi herufi 15. Izime, iwashe, maisha yaendelee.

6. [TV] Samsung 7 Series (55)

Hizo 55 ni inchi. Hakuna anayemwita mwanawe kwa kilo alizozaliwa nazo! Na jirani aliyenunua TV kama yako ana jina hilo hilo, mabano kwa mabano. LG nao wana mtindo wao wa kuanza na jina la kampuni na kumalizia na namba ya modeli. Majina yote mawili hubadilishwa kwenye mipangilio ya TV yenyewe. Tafuta palipoandikwa jina la kifaa.

5. Chromecast na tarakimu nne

Google walipokitoa mwaka 2013 kwa dola 35, kilikuwa kijiti cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI, na jina lake la kiwandani liliishia na tarakimu nne. Walitangaza kuacha kukitengeneza mwaka 2024, lakini kwenye sebule nyingi bado kimo kazini, namba kifuani kama mchezaji wa akiba. Mwite jina lake aingie uwanjani: fungua programu ya Google Home, gusa kifaa, nenda kwenye mipangilio yake, andika jina. Maji ya chai hayajachemka, umeshamaliza.

4. Televisheni Kubwa ya Familia ya Sebuleni

Jina zuri, la heshima, la kukatia utepe. Tatizo ni kwamba orodha kwenye simu ni nyembamba. Ya sebuleni itasomeka "Televisheni Kubwa ya…" na ya chumbani itasomeka "Televisheni Kubwa ya…", sasa chagua. Zaidi ya hapo, vifaa vingi hujitangaza kwa utaratibu unaoweka kikomo cha baiti 63 kwa jina. Herufi zetu hula baiti moja moja, lakini emoji moja kwa kawaida hula nne au zaidi, kwa hiyo ule msururu wa mioyo na mataji uache kwenye kadi ya mwaliko.

Hapa Kiswahili kinatubeba kuliko lugha nyingi. Tuna ile *-ni* ya mwisho: sebuleni, chumbani, jikoni, barazani. Neno moja linataja chumba na papo hapo linaelekeza. "Rusha sebuleni," na mtoto wa darasa la pili ameelewa.

3. Fire TV ya mtu usiyemjua

Umenunua kifaa mkononi mwa mtu, umekichomeka, kinakusalimia kwa jina la mwenyewe wa zamani. Umenunua nyumba, kumbe aliyekuuzia bado amelala chumbani! Fire TV huchukua jina la mwenye akaunti ya Amazon, na jina hilo hubadilishwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Ukiliona la mtu mwingine, usihangaike na jina. Rudisha kifaa kwenye hali ya kiwandani, kisajili kwa akaunti yako, ndipo ukipe jina. Ukiruka hatua hiyo unachezea akaunti ya mwenzio, na hilo si la kufanyia masihara.

2. Jina la zamani lililogoma kuondoka

Umebadilisha vizuri, TV inasema "Sebuleni", simu inang'ang'ania jina la jana kama shabiki na jezi ya msimu uliopita. Vifaa vya TV vya Google na vya Apple hujitangaza kwa kupiga mbiu ndani ya mtandao wa nyumbani, kwenye anwani ya 224.0.0.251, mlango wa 5353: "Niko hapa, naitwa fulani." Simu husikia na kuweka kumbukumbu. Kanuni za utaratibu huo, zilizochapishwa mwaka 2013, zinapendekeza kumbukumbu nyingi za aina hiyo zidumu dakika 75. Simu isipoisikia mbiu mpya, itaendelea na ya kale.

Zima Wi-Fi ya simu, iwashe tena. Haijakubali? Chomoa TV ukutani, hesabu hadi kumi, rudisha. Ruta iwe ya mwisho kuguswa, maana kuna anayetazama mpira.

1. Living Room TV

Kinara! Ndiye aliyeipeleka harusi yetu kwa jirani. Ukiwasha kifaa mara ya kwanza hukuuliza kiko chumba gani, unachagua sebule, na jirani naye anachagua sebule. Kwenye jengo letu mwenye nyumba ameweka ruta moja kwa familia zote, hivyo kila mmoja anaziona TV za wenzake. Vifaa vya Apple vikigongana majina, cha pili huongezewa namba 2 kwenye mabano. Vya Google kila kimoja kina utambulisho wake wa ndani, kwa hiyo hukubali majina pacha, na wewe mwenye kidole unaona mapacha tu.

Hata *-ni* peke yake haitoshi hapa. Iongezee *kwa*, na iwe mbele. Yetu sasa inaitwa "Kwa Bibi Sebuleni". Ukiwa kwenye Google Home, zima pia ruhusa ya watu wengine kudhibiti unachorusha, la sivyo simu za Android za jengo zima zaweza kuletewa kitufe cha kusimamisha tamthilia yako.

Leo usiku mpe simu aliye mtu mzima kuliko wote nyumbani, mwulize, "Yetu ni ipi?" Akisita, badilisha jina kabla hajakurudishia simu.