Kutwa Mara Ngapi, Daktari?

Paka anapoumwa hujificha chini ya kabati na hasemi kinachomsumbua. Karatasi anayorudi nayo kutoka kwa daktari wa mifugo nayo haisemi. Imeandikwa: DSH, MN, miaka 4, ADR, NPO hadi kesho, kisha kidonge BID PO. Mwenye paka anaigeuza huku na huku kama namba ya gari la ubalozi. Ukiichambua, DSH ni paka wa kawaida mwenye manyoya mafupi, yaani yuleyule wa uswahilini. MN ni dume aliyehasiwa, habari ambayo mhusika anayo tayari. NPO ni asipewe chochote kwa mdomo. ADR nayo ni utani wa madaktari wa Marekani: mnyama hayuko sawa, na sababu haijulikani. Kwa hiyo mtu amembeba paka kwenye kikapu, akachanwa mikono njiani, akamweleza daktari kwamba paka hayuko sawa, akalipa, kisha akaandikiwa kwa herufi tatu kwamba paka hayuko sawa.

Sina ugomvi na vifupisho vikikaa ndani ya faili. Ninachokipinga ni kile kinachovuka mlango wa kliniki na kwenda nyumbani na paka, kwa sababu kule muuguzi ni mwenye paka, na mgonjwa hawezi kuhoji. Binadamu akipewa mara nne dawa ya mara moja, atalalamika. Paka atatapika kwenye zulia, na sisi tutasema kala mjusi.

Chukua SID, ambayo ni Kilatini cha kusema mara moja kwa siku. Hutumiwa na madaktari wa wanyama, na karibu hao tu. Lakini dawa za paka mara nyingi hununuliwa kwenye duka la dawa za binadamu, ambako muuzaji hajawahi kuiona SID, ila BID anaifahamu kuwa ni mara mbili na QID kuwa ni mara nne. Akiwa na haraka, na mwandiko ukiwa ule tunaoujua, atachagua anayoifahamu. OD ndiyo kiboko. Kwenye hospitali zetu ni mara moja kwa siku. Kwa daktari wa macho ni jicho la kulia. Na kwingine ni kuzidisha dawa hadi madhara. Herufi mbili hizo zinaweza kuwa maagizo, mahali pa kutia dawa, au taarifa ya msiba.

Pasipochekesha ni kwenye insulini. Paka mwenye kisukari aghalabu huanzishiwa yuniti 1 au 2 hivi. Ukiandika 1U kwa kalamu inayovuja, ile U inafumba mdomo na kuwa sifuri, na paka anachomwa yuniti 10. Sukari inaporomoka, anayumba, anapata degedege, na anaweza kufa. Hofu hii si yangu peke yangu: mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za Marekani, kiliiweka U kwenye orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa, na neno yuniti likatakiwa kuandikwa lote. Hizo ni hospitali za watu, tena watu wenye midomo.

Halafu kuna majina ya maradhi. FIV, FIP na FeLV zinafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini tabia zao ni mbalimbali. FIV, iliyogunduliwa mwaka 1986 huko Petaluma, California, ni kirusi cha jamii moja na VVU. Huenezwa hasa kwa kung'atana, hakimwambukizi binadamu, na paka mwenye nacho anaweza kuishi miaka mingi akidai samaki wake. FeLV hupita zaidi kwenye mate, wakilambana au wakila bakuli moja. FIP hutokana na kirusi cha korona cha paka, ambacho kwa kawaida huharisha tu, kikibadilika mwilini. Kwa miongo mingi ilikuwa karibu hukumu ya kifo. Siku hizi iko dawa inayowaponya wengi, inaitwa GS-441524. Hata tiba imekuja na namba ya siri! Asiyetofautisha V na P anaweza kumwombolezea paka ambaye wakati huohuo yuko mezani anaiba dagaa.

Nitaambiwa daktari ana foleni, hana muda wa kuandika insha. Kweli. Lakini wauza dawa wetu walishalimaliza hili zamani: bahasha imeandikwa 1×3, na mdomo unaongeza kutwa mara tatu, baada ya kula. Bibi asiyejua Kilatini anaelewa, na wino uliotumika haufiki hata wa TID. Mwingine atasema kila kitu kiko kwenye intaneti. Kipo, ila ukitafuta OD saa sita usiku utaletewa watu waliozidisha dawa za kulevya, na jicho la paka bado linatoa usaha. Na wanaosema Kilatini kina usahihi wa kitaalamu, wanieleze usahihi wa PO. Kwa mdomo, basi. Herufi mbili kwa shughuli ya taulo, watu wawili na kidonge kilichosukumwa hadi nyuma ya ulimi, ambacho kesho kitakutwa kizima nyuma ya kochi.

Nakubali kwamba kuandika kwa kirefu hakumalizi kila kitu. Daktari mwema ataandika tone moja, jicho la kulia, kutwa mara mbili. Nyumbani paka ameshikwa, kakodoa macho, na mabishano yanaanza: kulia kwa paka, au kulia kwetu tunaomtazama? Kwa hilo daktari angeshika tu kalamu ya rangi na kulitia alama sikio la upande husika kabla paka hajarudishwa kikapuni.