Majibu kwa Wazazi Ambao Unga Wao Umevamiwa na Watoto

Msomaji wa Tanga anayejiita Mama Mwenye Haraka analalamika kwamba bintiye wa miaka mitano hufunua sufuria ya mkate wa kumimina kila mara ili auone ukiumuka, hata mkate hubonyea katikati, na anauliza kama mtoto huyo afukuzwe jikoni.

Jibu linaanzia kwenye mchele. Mkate wa kumimina hutokana na mchele uliorowekwa na kusagwa kwa tui la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, na kwa kuwa mchele hauna glutini, yaani ile protini ya ngano inayovutika na kuuwezesha unga kukandwa, viputo vya hewa havina cha kuvishikilia isipokuwa uji wenyewe, ambao nao haujashikamana mpaka upate moto wa kutosha. Ndiyo sababu makaa hupaliwa juu ya kifuniko, na kila kinapoinuliwa joto hutoroka, huku jivu, ambalo halimo katika mapishi ya mkate huu, likipata mwanya wa kuingia. Hata hivyo, anayetaka kuona mkate ukiumuka ameshaanza kuupenda uokaji. Kinachotakiwa ni kumpatia mahali pazuri zaidi pa kuchungulia. Hamira ni kuvu hai inayokula sukari na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Huchangamka katika maji ya uvuguvugu, kama nyuzijoto 35 za selsiasi, na hufa yakikaribia 60. Basi mtoto atengewe bilauri mbili zenye sukari na hamira, moja ya maji ya uvuguvugu na nyingine ya maji ya moto sana yaliyomiminwa na mtu mzima, kisha aachwe agundue ni ipi itakayotoa povu. Wataalamu wenye ndevu walibishana kwa miaka mingi kama uchachu ni kazi ya viumbe hai, mpaka Louis Pasteur alipoanza kuchapisha uthibitisho wake mwaka 1857, hivyo robo saa ya binti huyu mbele ya bilauri si muda wa kulalamikiwa. Haraka ni ya mama, na haina dawa katika safu hii.

Baba wa Mombasa anaeleza kwamba mjomba wa mwanawe hataki mtoto wa kiume aguse unga. Mjomba huyo aende alfajiri kwenye tanuri anakonunua mkate, atazame ni mikono ya nani inayokanda, na asipewe keki nyumbani mpaka alete taarifa.

Bibi wa Unguja anasikitika kwamba mjukuu wake hulamba mwiko wenye uji mbichi wa keki. Katazo lake ni sahihi, kwa maana mayai mabichi huweza kubeba bakteria wa salmonela, na unga wa ngano nao, ingawa wengi hawaudhanii, huweza kuwa na vijidudu ambavyo havijauawa na moto. Badala ya mwiko, mjukuu apewe kinyunya, yaani kijimkate kidogo cha kuonjea, akifinyange mwenyewe kwa umbo alitakalo na kiokwe pembeni mwa sinia, na watu wazima wakile bila kukisahihisha. Swali la nyongeza la Bibi, kama katazo hilo linamhusu pia yeye aliyelamba mwiko tangu utotoni, limepokelewa, na jibu ni lilelile.