Namna ya Kumkamua Mcheza Baleti: Mwongozo wa Mzazi Mwenye Bidii

Hongera, mzazi mwenzangu. Mtoto wako amekwisha kupita ile hatua ya kuvaa sketi ya waridi na kurukaruka sebuleni huku wageni wakimpigia makofi. Juzi mwalimu alikuvuta pembeni akakunong'oneza kwamba ana kipaji, na kwamba siku moja kwa wiki haitoshi tena. Sasa ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi nzima. Kuna mitihani ya Royal Academy of Dance, taasisi iliyoanzishwa London mwaka 1920. Kuna onyesho la Desemba. Na kwa kuwa mnaishi Nairobi, kuna foleni ya Ngong Road.

Usiogope. Mguu atainua mtoto, lakini heshima ya ukoo utaibeba wewe. Fuata hatua zifuatazo bila kuruka hata moja.

1. Panga safari ya Ulaya kabla ya kununua soksi

Mtoto makini huanza na mwisho. Chagua mapema atakakofikia: shule ya Opera ya Paris, ambayo imekuwapo tangu 1713, au ile ya Vaganova kule St Petersburg, iliyoanza 1738. Usisahau Prix de Lausanne, shindano la Uswisi lililozinduliwa 1973 kwa vijana wa miaka 15 hadi 18. Kisha hesabu kurudi nyuma. Kama mtoto ana miaka tisa, mwambie mmechelewa.

Habari za Misty Copeland zifiche kabisa. Mmarekani huyo alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kupandishwa cheo cha mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Habari kama hizo huwafanya watoto wastarehe.

Joel Kioko, kijana wa Kuwinda pale kando ya Karen aliyefika hadi shule ya English National Ballet mjini London, unaweza kumtaja, ila kama kiboko tu. Vilevile watoto waliofundishwa na Mike Wamaya kule Kibera, katika darasa la kawaida ambalo madawati yalitolewa nje ili ipatikane nafasi ya kunyoosha mguu. Usiseme walikuwa wakifurahi. Sema hivi: "Wenzako hawana hata sakafu, na wewe nakulipia studio yenye kioo!"

2. Geuza gari liwe darasa la pili

Mlango wa studio una kidirisha. Kiwekee pua. Ukifukuzwa, kaa kwenye benchi la nje na usikilize jina la nani linaitwa mara nyingi. Usijali kwamba katika baleti mwalimu humrekebisha zaidi yule anayemwona ana mwelekeo. Wewe hesabu marekebisho kama makosa.

Mtoto akitoka, jasho halijamkauka, anza. "Mbona goti lilikuwa limepinda? Mbona mtoto wa Mama Fulani anageuza miguu nje kukuzidi?" Yeye atajaribu kukueleza kwamba mguu hugeuzwa kutoka nyongani, kwamba kila nyonga ina mipaka yake ya kuzaliwa, na kwamba anayelazimisha kwa nyayo huumiza magoti. Mkatize. Uzuri wa foleni ni kwamba mwanafunzi hana pa kutokea. Mpaka mfike nyumbani atakuwa amefundishwa mara mbili kwa ada ya mara moja.

3. Dai viatu vya ncha mapema

Viatu vya kusimamia ncha za vidole ndicho cheti pekee ambacho ukoo unakielewa. Hakuna shangazi atakayegundua kwamba mtoto amejifunza kutua chini bila kishindo, lakini kila shangazi ataipenda picha ya kiatu cha satini chenye utepe. Mwalimu atakwambia kwamba wataalamu wa tiba ya wachezaji densi wanashauri mtoto asipande vidoleni kabla ya miaka 12 hivi, na hata hapo itategemea nguvu za vifundo, tumbo na mgongo pamoja na miaka aliyojifunza, kwa kuwa mifupa ya mguu ingali inakua. Mjibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Ukivipata, utastaajabu. Kigonge kiatu mezani: kinalia ko! kama kibao, na wala hamna ubao ndani. Mbele ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, kisha zikafunikwa satini. Utepe huja peke yake. Utaushona wewe usiku, na wazoefu watakushauri utumie uzi wa kusafishia meno kwa sababu haukatiki upesi. Ukishamaliza, mtoto atakikunja kiatu hicho kipya, atakikanyaga kwa kisigino, atakibana kwenye mlango na kukibamiza sakafuni mpaka kilainike, yaani atakifanyia kila kitu ambacho angekifanyia kiatu cha shule angekula viboko. Halafu jasho litailegeza gundi na kiatu kitakufa. Mchezaji wa kulipwa anaweza kuua jozi nzima katika onyesho moja.

Hapo ndipo pa kutoa hotuba ya bei. "Unajua hivi viatu vingelipa stima miezi mingapi?" Irudie kila unapotunga uzi. Mtoto aliyeisikia vizuri hatakwambia kamwe kwamba kiatu kimeanza kumbana. Atanyamaza hadi kucha ing'oke.

Akikuuliza kwa nini kiatu kina rangi ya ngozi ya mtu mwingine, mwambie asilete siasa. Kwa miaka mingi wachezaji weusi walivipaka viatu vyao podari ili vifanane na miguu yao. Mwaka 2018 kampuni ya Freed of London, ikishirikiana na kundi la Ballet Black, ilitoa vya kahawia na vya rangi ya shaba. Usiviulizie dukani. Mtaonekana wasumbufu.

4. Linda sahani

Siku hizi walimu wengi huogopa kuutaja mwili wa mtoto, kwa hiyo kazi hiyo imebaki kwako. Huna haja ya kumnyima chakula. Tazama tu. Mkono wake ukielekea kwenye chapati ya pili, itazame chapati, mtazame yeye, kisha irudie chapati. Usiseme neno. Wiki mbili tatu za utazamaji huo zinatosha. Baada ya hapo atasema mwenyewe kwamba ameshiba.

Nyanya yake akija kutoka mashambani atauliza, "Huyu mtoto mbona amekonda hivi? Mnamlisha nini huku kwenu?" Mwambie, "Mama, hayo ni mambo ya kisasa." Nyanya hajasoma sayansi ya michezo, na bahati mbaya sayansi hiyo iko upande wake. Mwili unaokua na kufanya mazoezi kwa saa nyingi unahitaji chakula kingi kuliko wa mwenzake anayetazama televisheni. Ukikosa nguvu za kutosha, hedhi huchelewa au hukoma, mifupa hudhoofika, na nyufa ndogo huanza kujitokeza kwenye miguu na miundi. Jambo la kukufariji ni kwamba mwanzoni nyufa hizo mara nyingi hazionekani hata kwenye eksirei, kwa hiyo una wiki kadhaa za kuendelea kumwambia ni uvivu.

5. Akirefuka, mlaumu

Utakuja mwaka ambao suruali zote zimekuwa fupi. Katika majira hayo mifupa hutangulia na misuli hufuata nyuma ikivutwa. Mguu uliokuwa ukifika sikioni sasa unaishia kiunoni, na mzunguko aliokuwa akiuzunguka usingizini sasa unamwangusha. Mwalimu anayejua kazi yake hupunguza miruko na kusubiri. Wewe usisubiri. Mwoneshe video ya mwaka jana, kwenye simu, kabla hajalala. "Tazama ulivyokuwa. Nini kilikupata?" Kilichompata ni sentimita, lakini asiambiwe.

6. Pigania nafasi katika The Nutcracker

Onyesho hili lenye muziki wa Tchaikovsky lilichezwa kwa mara ya kwanza St Petersburg Desemba 1892, likiwa na watoto wa shule ya densi ya huko jukwaani. Ndiyo maana shule za baleti hulipenda: lina wageni wa karamu, askari, theluji na panya, na kila mtoto hupata pa kuingia. Kwako wewe hiyo ndiyo kasoro. Mtoto wako hakuzaliwa kuwa panya.

Orodha ikibandikwa, ingia kwenye kundi la WhatsApp. Anza kwa upole: "Hongera kwa watoto wetu wote. Niko na swali dogo tu, mwalimu, kwa heshima. Ni vigezo gani vilitumika?" Weka mikono miwili ya dua. Subiri. Baada ya dakika tano Mama Fulani, ambaye binti yake ndiye Clara, msichana mkuu wa onyesho, atajibu kwamba ni neema ya Mungu. Hapo vita vimeanza, na vitadumu hadi Januari.

Mtoto mwenyewe huenda akawa ameshapenda upanya wake. Atakuwa anajaribu mkia mbele ya kioo na kucheka na panya wenzake. Mtoe huko haraka. Asije akasikia kwamba George Balanchine, aliyeiandaa upya The Nutcracker mjini New York mwaka 1954, naye alipokuwa mwanafunzi Urusi alicheza nafasi mbalimbali katika onyesho hilohilo.

7. Siku ya mtihani, tetemeka kwa niaba yake

Mtihani huhukumiwa kwa alama 100. Anayepata 40 amepita, 55 ni Merit na 75 ni Distinction. Mzazi haingii ndani, kwa hiyo fanya yako mapema. Amka saa kumi usiku umsuke. Zivute nywele nyuma mpaka nyusi zipande, zifunge fundo, tia wavu, chomeka pini, na kila pini mkumbushe jambo moja asilolijua vizuri. Akisema tumbo linamuuma, mwambie na wewe lako linauma, na wewe ndiye uliyelipa.

Matokeo yakija na alama 73, usiulize alipenda sehemu gani. Uliza zile mbili ziko wapi.

8. Kama ni mvulana, itisha kikao

Mwite mjomba. Mwache aulize mbele ya watu kama hakukuwa na nafasi kwenye timu ya raga. Mtoto akieleza kwamba atajifunza kumbeba mchezaji mwenzake juu ya kichwa kwa mikono miwili huku akitabasamu, mjomba atanyamaza kidogo. Baba asichangie lolote. Kimya cha baba hukumbukwa kuliko maneno ya mjomba.

9. Akitaka kupumzika, fungua daftari

Siku moja atasema amechoka. Huenda anataka wiki moja tu, huenda anataka kuacha kabisa, huenda hajui na alitaka kuzungumza tu. Usizungumze. Leta daftari. Ada, viatu, mafuta ya gari, sare ya onyesho, yote yaandikwe mbele yake na yajumlishwe. Mkumbushe kwamba serikali yenyewe imeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, kwa hiyo hana kisingizio. Malizia na "baada ya yote niliyokufanyia". Atarudi studio Jumatatu. Hutajua tena anachofikiri, lakini atakuwa anahudhuria.

Tahadhari

Katika kila studio wapo wazazi wachache wakaidi wanaopinga mwongozo huu. Utawatambua. Wao hufika kwa wakati, hulipa ada, na darasa likianza huenda kunywa chai. Hawajui Distinction ni alama ngapi. Mtoto akitoka, humpa mandazi na kumuuliza kama ana njaa, na kama hataki kuongea, hawaongei. Kiatu kikibana hubadilishwa, hata ikibidi kununua cha mtumba kutoka kwa mwanafunzi aliyekua. Maumivu yakizidi siku kadhaa, humpeleka kwa daktari badala ya kumpeleka mazoezini. Hoja yao ni kwamba mtoto ana mwalimu wa kumkosoa, ana kioo cha ukuta mzima na ana mtahini, na kwamba mtu wa nne wa kumkosoa hana kazi.

Lazima pia nikwambie jambo moja ambalo shule haiandiki kwenye risiti. Hata katika shule kubwa za Ulaya, watoto huchujwa mwaka hadi mwaka, na walio wengi duniani wanaosoma baleti kwa bidii hawatalipwa kamwe kwa kuicheza. Wa kwako huenda akawa miongoni mwao, na wa hao wakaidi vilevile. Tofauti ni kwamba wa kwao, akiwa na miaka 25 na kazi yake benki, bado atampigia mama simu bila kuwa na shida yoyote.

Ukikutana na wazazi wa aina hiyo, wasalimie kwa adabu. Na kama huwezi kabisa kujizuia, waige.