Mjomba, Panya na Chevrolet ya 1951

Kwetu Mombasa ukiona gari limesimama miezi mitano bila kusogea, ujue mwenyewe amefilisika, amesafiri, au kuna kesi. Huku Minnesota wapo watu wenye akili zao na gari zima, na kila Novemba wanaliinua kwa jeki, wanaliweka juu ya vigogo, wanang'oa betri, wanalifunika shuka na kulifungia gerejini hadi Aprili. Mimi ni mmoja wao. Nilipomweleza mjomba, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye usukani wa lori kati ya Mombasa na Kampala, alinyamaza kidogo kwenye simu kisha akauliza, "Laumwa?"

Haliumwi. Ni pikapu ya Chevrolet 3100 ya mwaka 1951, niliyouziwa na jirani mzee aliyechoshwa na theluji akahamia Arizona. Ina silinda 6, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 92. Tangi la petroli liko ndani, nyuma ya kiti, kwa hiyo dereva huenda safari zake ameegemea petroli. Stata hupigwa kwa mguu: kipedali kiko sakafuni karibu na akseleta, unakikanyaga kama unaua mende. Hulazwa kwa sababu wakati wa baridi barabara za huku humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na bati la umri huo likionja chumvi halimalizi miaka mingi.

"Sisi chumvi twaikimbia," akasema mjomba, ambaye nyumba yake ina bahari mbele na kutu kila upande. "Nyinyi mwainunua mkaimwaga njiani?"

Kilichomfurahisha zaidi ni habari ya namba. Magari ya kale hapa hupewa namba zake maalumu, lakini ili uzipate lazima uonyeshe kwamba una gari jingine, lenye namba za kawaida, la kwendea kazini na sokoni. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Basi serikali yenyewe yajua," akasema, "kwamba hilo halikufikishi."

Aprili ikafika. Theluji ilikuwa imebaki vichuguu vyeusi kwenye pembe za maegesho, nami nikamwambia mjomba kwamba Jumamosi naliamsha. Hakungoja kualikwa. Saa tisa yangu alasiri ni saa tano yake ya usiku, na saa tano hiyo alikuwa barazani, kikoi kiunoni, miwani puani, uso wake umejaa kioo cha simu yangu niliyoisimamisha juu ya boneti. Nyuma yake mkewe alisikika akiuliza huyo fundi wa usiku analipwa shilingi ngapi.

Tulianza na betri, na betri ilikuwa imekufa. Pikapu hii hutumia volti 6, si 12 kama magari ya leo. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu mwema asiyeweza kuona boneti wazi akapita, alikwisha kuja na nyaya zake, mbwa wake nyuma yake, yuko tayari kuniunganishia na gari lake la mwaka juzi. Mjomba akapiga ukelele ambao jirani, asiyejua Kiswahili hata neno moja, aliuelewa wote. Akarudisha nyaya mfukoni. Nikaenda dukani. Kijana wa pale akaniuliza gari la mwaka gani, akaandika 1951 kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akaniuliza tena kwa upole, pengine nilikusudia 2015. Mwishowe betri ikapatikana kwenye rafu ya matrekta ya kale. Sikumsimulia mjomba rafu ilikuwa ya nini.

Baada ya betri, petroli. Jirani wa Arizona aliniachia kurasa tatu za maagizo kwa mwandiko wa mkono, na mojawapo lilikuwa kutia dawa tangini kabla ya baridi ili petroli isiharibike. Dawa nilitia. Hata hivyo, nilipofungua kabureta nilikuta utelezi wa manjano unaonuka rangi ya mbao. Petroli ya kawaida ya jimbo hili, kwa sheria, huchanganywa na ethanoli asilimia 10, na ethanoli ya huku hutokana na mahindi. Huvuta unyevu, na ikikaa sana huleta balaa hata kwa gari changa.

Mjomba alilitafakari jambo hili kwa utulivu. "Mmelinywesha pombe ya mahindi," akasema, "mkalifunika shuka gubigubi. Sasa mwataka liamke saa ngapi?"

Nikamwaga, nikasafisha, nikatia petroli mpya. Nikafungua kichujio cha hewa, na humo nikakuta mji. Watu wa hapa watakuapia kwamba panya hukimbia vile vitambaa vyenye manukato vinavyotiwa kwenye mashine ya kukaushia nguo, nami Novemba nilivitandaza kila mahali: chini ya kiti, kwenye boneti, juu ya injini. Panya walivikusanya vyote, wakavichambua nyuzi nyuzi, wakashonea godoro. Sijawahi kuona kiota kinachonukia vile. Mjomba akataka nisogeze simu aone vizuri, kisha akamwita mkewe naye aone. Mkewe akasema hao ni panya wa watu wenye uwezo.

"Haya, piga bismillahi ukanyage."

Nikapiga, nikakanyaga. Injini ikazunguka kwa uvivu, ikashika kidogo, ikazimika. Nikakanyaga tena, hivyo hivyo. Jirani akapendekeza plagi. Mimi nilikuwa nashuku pampu. Mjomba akaomba kimya, akafumba macho, akasikiliza kupitia simu iliyotoka Mombasa hadi Minnesota, halafu akatoa hukumu: "Moto lapata, petroli lapata. Halipumui. Limezibwa nyuma. Kanyaga, na akseleta usiiachie."

Nikakanyaga zote mbili. Pikapu ikatikisika kuanzia taa hadi bodi, kitu kikalia *pu!* na ekzosi ikatema mvua ya punje za kahawia zilizotapakaa hadi kwenye mlango mweupe wa gereji ya jirani. Akainama, akaokota moja, akainusa. Kilikuwa chakula cha mbwa. Tangu Krismasi alikuwa akishangaa mfuko unavyopungua, na mbwa wake, kwa tuhuma za ulafi, alipunguziwa posho. Maskini yule mnyama hakungoja kuombwa radhi. Alikwisha anza upande wa kushoto wa barabara na alikuwa akifagia kuja kulia.

Na injini ikawa inanguruma! Moshi wa samawati, harufu ya panya waliooga, kelele za kuamsha mtaa. Jirani akapiga makofi. Nikamgeukia mjomba kwenye kioo nikitegemea pongezi.

"Bado," akasema. "Gari halijapona mpaka lizimwe na liwake tena. Zima."

Nikazima.

Haijawaka hadi sasa. Mbwa huja kila asubuhi, huketi nyuma ya ekzosi, na husubiri.